Donge la Kumi

Mwaka ule mikarafuu ya Kiungoni ilizaa kwa fujo,
na Shaame wa Bi Kaije akichuma pishi kumi na mbili
siku ambayo mimi nachuma saba.
Msimamizi akimwita kwa jina. Mimi akiniita "weye".

Sikumpiga. Sikumtukana.
Nilikwenda nyuma ya shamba, kwenye konde lililolala,
upupu ulikotambaa juu ya ua bovu,
maganda yake yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu,
laini kuyatazama, kama shingo ya kifaranga.
Nikayachuma kwa jani la mgomba.
Shati lake lilitundikwa kwenye tawi la chini.
Nilikung'uta mara mbili. Ya tatu nikaona haya,
lakini nikakung'uta.

Adhuhuri alishuka, akajifuta jasho, akavaa.

Mnamjua mtu aliyeingiwa na upupu?
Hajui pa kuanzia. Mikono miwili haimtoshi,
anajisugua kwenye gogo kama ng'ombe,
anaita mama na huku mama yuko mbele yake.
Wanawake waliokuwa wakichambua karafuu waliacha majamvi,
kila mmoja akaja na dawa mdomoni:
"Mpakeni ndimu!"
"Ndimu gani, mtamchoma! Mafuta ya taa!"
"Mpelekeni pwani akajitose!"
"Mvueni kwanza, yakhe, shati bado analo!"

Bi Kaije hakupiga kelele.
Alimkamata mwanawe viganja vyote viwili
kama ashikavyo mtu kuku anayetaka kuruka.
"Usikune. Ukikuna waupanda.
Na maji msilete. Upupu ukinywa maji huchachamaa."
Akachota jivu mekoni, jivu baridi la makumbi ya nazi,
akampaka bila kusugua,
mtoto akawa mweupe kama aliyefufuka.
Halafu akakanda unga wa muhogo, mgumu, maji kiduchu,
akaviringisha donge mgongoni, shingoni, nyuma ya masikio,
donge likaondoka na vijinywele,
likageuka kijivu, likatupwa, likakandwa jingine.
Niliyahesabu. Madonge tisa.
Ndio uliokuwa unga wa chakula cha usiku.

Nami je? Jani la mgomba lilikuwa limechanika.
Katikati ya vidole palikuwa pakiwaka.
Nikaficha mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu,
nikasema "pole, Shaame",
nikatabasamu, machozi yakinilenga.

Usiku nilikwenda kisimani, nikaitumbukiza kwenye ndoo.
Maji! Na nilimsikia kwa masikio yangu akikataza maji.
Nikauma upindo wa shati nisilie.

Sikumsikia akija. Alisimama na bakuli,
koroboi ikimulika kidevu chake tu.
Hakuniuliza nimetoka wapi na mikono hiyo.
"Lete."
Nikaleta.
Donge la kumi lilikuwa dogo kama yai la njiwa,
likapita kiganja hadi kiganja,
na tumbo lake likanguruma karibu na sikio langu.
Akakohoa ili nisisikie.

Asubuhi alinipa kijiwe na kipande cha liwa.
"Sugua. Kisha mpake mwenzio. Mimi nina kazi."
Shaame alilala kifudifudi jamvini, mgongo wote vipele,
na mimi, vidole vimevimba kama kokwa za fenesi,
nikampaka ubaridi ule wenye harufu ya harusi.
Hakugeuka. Sijui alijua tangu lini.
"Chini kidogo," alisema.
"Kulia. Hapo."
Kisha, baada ya kimya kirefu:
"Na weye, mikono ishapoa?"